Hiyo 2147483647 kwenye database yako sio kirusi, na ndiyo, ni namba tasa

Mkuu umeuliza mawili: kwanini namba za simu za wateja wako zote zimegeuka 2147483647, na kama ni kweli alichosema jamaa hapo juu kwamba hiyo ni namba tasa.

La kwanza nalimaliza fasta maana nimekutana nalo sana kwenye mifumo ya watu. Kolamu umeiweka INT (aina ya kolamu ya namba kamili) na mwisho wa INT ndo hapo, mteja akianza na 255 zinakuwa tarakimu 12, haziingii, na MySQL (programu inayoendesha database) kama haijasetiwa kukataa data mbovu inakukatia hapohapo kwenye kikomo. Weka VARCHAR (aina ya kolamu ya maandishi). Zilizokatwa hazirudi, katafute kwenye bakapu.

La pili ndo nalipenda mimi. Hiyo ni 2 kipeo cha 31 toa 1, na ni tasa kweli, mwanahisabati Euler alishathibitisha mwaka 1772 kwa mkono. Kwa njia tuliyofundishwa shule unagawa kwa kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, yaani hadi 46340, na tasa za humo ni zaidi ya 4,700, aisee utazeeka. Ila kipeo kikiwa namba tasa kama 31 (acha 2), kigawo chochote cha namba ya hivyo lazima ukikitoa 1 kigawanyike kwa kipeo kilichozidishwa kwa 2. Jaribu 2047, ambayo ni 2 kipeo cha 11 toa 1: ni 23 mara 89, toa 1 unapata 22 na 88, umeona? Halafu kuna sharti lingine, kigawo hichohicho ukikigawa kwa 8 kibakize 1 au 7. Unganisha yote kwa 31, zinabaki zile tu ambazo ukigawa kwa 248 baki ni 1 au 63, na hadi 46340 ziko 373 basi, tena nyingi unazitupa kwa macho, 63 na 249 zote zinagawanyika kwa 3. Tasa ya kwanza humo ni 311, nimegawa kwenye karatasi imebaki 35, inayofuata ni 1303, imebaki 226, endelea mwenyewe hivyohivyo, ni kazi ya siku chache inayowezekana kabisa na peni.

Ila usidhani kompyuta imeichagua kwa sababu ya utasa. INT ina biti 32 (nafasi za 0 au 1), moja ya alama ya hasi, zinabaki 31, basi. Kikomo cha biti 64 ni 9223372036854775807 na hiyo inagawanyika kwa 7 bila baki.

Na kama kwenye huo mfumo muda nao umeuhifadhi kama sekunde tangu 1970 kwenye INT, ubadilishe sasa hivi, sekunde zinajaa tarehe 19 Januari 2038 saa 12:14:07 asubuhi kwa saa zetu.