Kitabu Kipya cha Biskuti: Kisome Kwanza, Oka Baadaye

Picha ndizo zinazouza vitabu vya biskuti, na picha hizohizo ndizo zinazotuponza. Biskuti nene zilizopasuka kidogo juu, chokoleti imeyeyuka katikati, pembeni glasi ya maziwa. Ukifungua ukurasa kama huo jioni na unga upo ndani, mkono unakuwasha. Ushauri wangu: tulia nacho kwanza. Mimi kitabu kipya hukisoma kitandani kama riwaya, penseli mkononi, ndipo nakiingiza jikoni.

Ninachokitafuta humo ni kimoja tu: mwandishi alikuwa anapikia jiko la namna gani? Hiki nilicho nacho sasa nililetewa na wifi yangu anayeishi Minnesota, Marekani, na mwandishi wake ni Mmarekani. Kila ukurasa unachukulia kwamba nawe unaishi hukohuko. Mimi naoka Dar es Salaam, na kitabu kiliniingia mkononi mwezi wa Januari, joto lenyewe mnalijua. Mapishi yake si mabaya hata kidogo, ila yameandikiwa jiko jingine, na kazi yako ni kuyahamisha.

Anza na vipimo. Kikombe cha Wamarekani ni kipimo maalumu cha mililita 240 hivi. Si kile kikombe chako cha chai chenye maua. Na hata ukiwa nacho, unga ukiuchota moja kwa moja mfukoni unashindiliwa, kikombe cha gramu 120 au 125 kinabeba 150. Pishi lenye vikombe vitatu linakuwa limekula gramu 75 hadi 90 za bure, na biskuti zinatoka kavu, zinakwama kooni hata kwa chai. Nunua mizani, hizi ndogo za jikoni. Ndani ya jalada nimeandika: kikombe cha unga gramu 125, cha sukari 200, kijiti kimoja cha siagi (kipande kama kinavyouzwa kule) 113, kijiko kikubwa mililita 15, kijiko cha chai 5. Chini yake moto: 350 za Fahrenheit ni kama 175 za oveni zetu, 375 ni 190. Oveni yako ikiwa na feni, shusha nyuzi 20.

Mayai pia. "Yai kubwa" la kule ni gramu 50 hivi bila ganda. La kuku wa kienyeji mara nyingi halifiki hapo, kwa hiyo livunje juu ya mizani. Wakitaja chumvi ya kosher, ile ya chembe kubwa, tia nusu tu ukitumia chumvi yetu laini. Na soma mfuko wa unga kabla hujaufungua: ukiwa ni ule wenye bekingi pauda ndani tayari, usiutumie kwa mapishi haya.

Sasa siagi, maana hapa ndipo kesi yenyewe ilipo. Kitabu kinasema itoe siagi kwenye friji, iache nje saa nzima "ifikie joto la chumba". Chumba gani? Chao kina nyuzi 20 hivi. Changu saa saba mchana kinafika 31, na siagi huanza kuwa mafuta ikikaribia nyuzi 32 au zaidi kidogo. Saa nzima juu ya meza yangu inatosha kuifanya uji.

Unapopiga siagi na sukari, zile chembe za sukari zinachimba vijishimo vya hewa ndani ya siagi, na hewa hiyo ndiyo inayoiinua biskuti. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa. Tena ndani ya oveni donge linatandaa upesi kabla yai na unga havijashikana, biskuti 12 zinageuka mkeka mmoja. Kwa hiyo mimi siagi naikata vipande vidogo ikiwa baridi, naipa dakika 10 tu, halafu naibonyeza kwa kidole. Ikibaki alama bila kidole kuzama, nafanya kazi. Ikianza kung'aa, inarudi friji bila mjadala. Na naamka alfajiri. Biskuti za pwani ni kazi ya kabla jua halijapanda.

Donge likishakuwa tayari, vingirisha viduara uviweke friji saa nzima, au friza kama nusu saa, hata kama kitabu hakijasema. Tena usiviweke juu ya trei iliyotoka kwenye moto sasa hivi, vitayeyuka chini kabla havijaingia oveni. Majarini? Inafaa, na wengi wetu ndiyo tunayoimudu. Soma pakiti tu: mafuta yakiwa chini ya asilimia 80, kilichobaki ni maji mengi, na maji hayo yataitandaza biskuti. Mimi nachanganya nusu kwa nusu, siagi kwa ajili ya ladha, majarini kwa kuokoa pesa.

Sukari ya kahawia wanayoitaka ni yenye unyevunyevu, unaishindilia inashikana kama mchanga mbichi. Yetu ya dukani ina rangi, lakini ni kavu na chembe zake ni kubwa. Kule ukiikosa unaambiwa uchanganye sukari nyeupe na kijiko kikubwa cha molasi kwa kila kikombe, na molasi tunayoijua wengi huku ni ile ya kulishia ng'ombe! Mimi natumia sukari guru. Naiparuza kwa kikwaruzo cha karoti, naichanganya nusu kwa nusu na sukari nyeupe iliyosagwa kidogo kwenye blenda. Usiipuuze hatua hii ukiona pishi lina bekingi soda: soda inahitaji kitu chenye uchachu wa kuiamsha, na kwenye mapishi mengi ya biskuti kitu hicho ni hiyo sukari yenyewe. Ukiweka nyeupe tupu, unaweza kubaki na ladha ya sabuni mdomoni. Utamu wao umezidi mno kwa mdomo wangu, nakubali, lakini sipunguzi zaidi ya robo. Sukari ndiyo inayolainisha biskuti na kuipa rangi.

Pishi la kwanza lisiwe lile la jaladani. Chagua maskini kuliko yote kitabuni: siagi, unga, sukari, chumvi, basi. Hapo hakuna chokoleti ya kuficha kasoro. Oka tatu tu, moja nyuma ya trei, moja katikati, moja mbele karibu na mlango, ukae hapohapo uangalie. Kwangu kitabu kilisema dakika 12. Dakika ya 9 ile ya nyuma ilishakuwa na ukingo wa kahawia, ya katikati ndiyo kwanza inaanza kupata rangi, na ya mbele ilikuwa nyeupe pe. Nimeandika pembeni: geuza trei dakika ya 6, toa ya 11. Na zitoe kingo zikiwa zimeshika na katikati bado kunabonyea. Zitamalizikia kuiva juu ya trei.

Huna oveni? Bibi zetu wameoka nankatai na vileja kwa sufuria na mkaa, moto mwingi juu ya mfuniko, chini kidogo. Ila kitabuni chagua zile nene zenye mafuta mengi. Nyembamba zenye sukari nyingi zitaungua chini hujageuka.

Zikipoa kabisa, mara moja kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Unyevu wa bahari hauna huruma. Zikilegea, zirudishe oveni ya nyuzi 150 dakika nne hivi.

Kuna sura nzima ya biskuti za kusukuma na kukata maumbo, nyota na miti na nini. Donge lake linataka meza ya baridi kuliko yangu, na oda za Idi sitazihatarisha kwa ajili ya nyota. Nimeibandika karatasi, nimeandika "Julai".