Maziwa machungu kutoka kwa friji

Dada wa Nakuru, unauliza mbona maziwa mabichi yaliyokaa friji siku nne yalikuwa machungu hata baada ya kuyachemsha. Friji haiui bakteria. Kuna wanaopenda baridi, kama Pseudomonas: utando wa seli zao una mafuta yasiyoganda, kama mafuta ya kupikia ya chupa asubuhi ya baridi ya Njoro, wakati yale ya mkebe yameganda kuwa jiwe. Vimeng'enya vyao (protini ndogo zinazofanya kazi ya kumeng'enya chakula) hujipinda kwa urahisi, hivyo hukata protini ya maziwa hata kwenye nyuzi 4, na vipande vyake ndivyo vichungu. Ukichemsha, bakteria hufa, lakini baadhi ya vimeng'enya hustahimili moto na kuendelea kula maziwa. Basi yachemshe siku ileile unapoletewa, kisha yapoze haraka. Vimeng'enya vya kukata protini vinavyofanya kazi kwenye baridi (ajabu!) pia hutiwa kwenye sabuni za kufulia kwa maji baridi.