Hesabu unazo, bei ya kesho huna

SWALI: Mwalimu, nina shahada ya uzamili ya hisabati kutoka Maseno. Nadharia ya uwezekano, matingali, mwendo wa Brown, kalkulasi ya Itô, hayo yote nimeyapitia. Sasa nataka kuingia kwenye hesabu za fedha. Niongeze hesabu zipi? Kuna pia darasa la foreksi hapa Kondele, shilingi 25,000. Mwenyewe ananiambia mtu wa hisabati kama mimi ataanza kuona bei inakoelekea baada ya miezi mitatu tu. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Usiongeze hesabu yoyote. Ulizo nazo zinatosha, na pengine zimezidi. Hizo 25,000 pia kaa nazo.

Swali lako naletewa kila mara na vijana wenye vyeti vizuri, na ndani yake mna wazo lilelile: kwamba ukiielekeza kalkulasi ya Itô, yaani hesabu ya vitu vinavyobadilika kwa nasibu, kwenye dola, dola itakiri iendako. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kitengo cha hazina cha benki kabla ya kurudi Kisumu kufundisha. Sikuona hata mmoja akilipwa kwa ubashiri wa namna hiyo.

Chukua mfanyabiashara wa Kibuye anayeagiza mitumba. Atahitaji dola baada ya miezi sita na anataka kujua bei leo. Tuseme dola ni shilingi 130, riba ya shilingi ni asilimia 10 kwa mwaka na ya dola asilimia 4. Benki inakopa shilingi, inanunua dola sasa hivi na kuziweka zizae. Bei ya mkataba ni 130 mara 1.05 gawanya kwa 1.02 (riba za nusu mwaka), yaani 133.82. Hakuna aliyekisia kama shilingi itapanda au itaporomoka. Benki ikitaja bei nyingine, mjanja atakopa sarafu moja, aweke nyingine, avune bila hatari yoyote mpaka tofauti ifutike.

Black, Scholes na Merton walifanya hivyohivyo mwaka 1973 kwa opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei iliyokubaliwa leo. Ile kasi ya wastani ya kupanda kwa hisa haimo kabisa kwenye fomula yao. Wewe jambo hili unalijua kwa jina la nadharia ya Girsanov: umebadilisha kipimo cha uwezekano, mwelekeo ukatoweka. Uliandika uthibitisho kwenye mtihani, ukapewa alama, kisha ukasahau ulichothibitisha! Kinachobaki ni mtikisiko wa bei, nao fomula inauchukulia kuwa haubadiliki. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones ya hisa za Marekani ilianguka zaidi ya asilimia 22 kwa siku moja. Scholes na Merton walipata Nobeli 1997. Mwaka uliofuata mfuko wa uwekezaji wa Marekani, LTCM, ambao wote wawili walikuwa washirika wake, ulipoteza zaidi ya dola bilioni 4 na mabenki yakalazimika kuunusuru. Hao hawakupungukiwa hesabu.

Na hapa kwetu, Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Februari serikali ikauza Eurobond mpya (hati ya mkopo kutoka masoko ya nje) ya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu ya ile iliyokuwa ikiiva Juni, hofu ya kushindwa kulipa ikapoa, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Aliyelisha modeli yake takwimu za 2023 alikuwa na shilingi inayoteremka tu. Takwimu hizo hazikuwa na habari za mauzo ambayo hayajafanyika.

Unachokosa ni soko lenyewe. Chukua matokeo ya minada ya Benki Kuu, ya hati za mkopo wa serikali za siku 91, 182 na 364 na ya bondi, uchore mkunjo wa riba (riba ya kila muda wa mkopo) kwa Python, lugha ya kompyuta. Pigia bei bondi ambayo haikuuzwa wiki hiyo, kisha ujue itapoteza kiasi gani riba ikipanda kwa pointi moja ya asilimia. Utateseka kusafisha data kuliko ulivyoteseka na Itô. Kazi nyingi za benki, bima na mifuko ya pensheni ni hiyo.

Sasa Kondele. Roboti nyingi wanazouza hawa watu, yaani programu za kununua na kuuza sarafu zenyewe, zina siri moja: ukipoteza, ongeza dau mara mbili. Anza na 500. Ukishindwa mara 10 mfululizo umepoteza 511,500. Kwa sarafu isiyopendelea upande, hilo hutokea mara 1 katika 1,024. Mara 1,023 nyingine unapata 500. Zidisha mwenyewe: faida 511,500 kwa hasara 511,500, wastani sifuri kamili, kabla dalali hajakata chake. Ndiyo matingali uliyoisomea, mchezo wa haki usio na faida kwa wastani! Kwa miezi mingi akaunti inapanda taratibu, picha zinatumwa kwenye kundi, wanafunzi wapya wanalipa, halafu asubuhi moja yote yamekwenda. Mwalimu hapati hasara, maana yeye anakula ada. Leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ukaiangalie, ila ujue inamruhusu dalali kufanya biashara, haikuahidi wewe faida.

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Ahero alinijia na simu ya mwanawe. Mkopo wa Sacco ulikuwa umeingia kwenye akaunti ya namna hiyo, na kwenye skrini kulikuwa kumebaki dola 3. Aliniuliza kama roboti inaweza kutengenezwa.