Kabla hujatoa farasi kafara: niliyojifunza kwa Mikhail Tal

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana ninaocheza nao sataranji Jumamosi ni hili: "Kaka, nifanyeje nami nishambulie kama Tal?" Ni Mikhail Tal wanayemtaja, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji mwaka 1960. Wameshaona video mbili tatu, wameona malkia akitolewa bure na mfalme wa upande wa pili akikimbizwa ubao mzima, damu imewachemka. Nawaelewa. Nami nilianza hivyohivyo, na kwa miaka miwili nikapoteza michezo mingi ambayo haikuwa ya kupotea, kwa sababu nilichukua kwa Tal kile kinachoonekana, nikaacha kile kinachokiwezesha. Naandika haya ili wewe usipite njia ndefu niliyopita mimi.

Nianze na mchezo mmoja ambao mpaka leo naweza kuupanga ubaoni gizani. Nilikuwa na kete nyeupe. Mwenzangu alikuwa ameshamficha mfalme wake pembeni, g8 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake), ngome iko f8, na farasi wake mmoja amekaa d7. Askofu wangu wa d3 anaitazama h7 moja kwa moja, farasi wangu yuko f3, naye akiruka tu, malkia ana njia wazi kwenda h5. Moyo ukanidunda. Nikamla askari wa h7 kwa askofu, shaha, yaani mfalme ametishiwa. Mfalme akamla askofu. Farasi g5, shaha. Mfalme akarudi g8. Malkia h5, nami nikaegemea kiti nikiamini nimemaliza kazi, maana hatua inayofuata ni malkia kutua h7.

Mwenzangu hakuchukua hata dakika moja. Farasi wake wa d7 akaruka f6. Akailinda h7, na papo hapo akamfukuza malkia wangu. Nikamrudisha malkia h4, nikatazama ubao, nikaona ngome zangu zote mbili na farasi wangu wa pili bado wamelala nyumbani. Nimetoa askofu mzima kwa askari mmoja. Zilizobaki zilikuwa hatua za kusubiri kushindwa.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akitutazama kila wiki, tukimwita Mzee tu. Akanivuta kiti. "Mwanangu, hebu rudisha kete pale kabla hujamtoa askofu." Nikarudisha. "Wako wangapi huku kwa mfalme wake?"

"Watatu, mzee."

"Ukimtoa askofu?"

"Wawili."

"Na yeye ana wangapi?"

Nikamtajia mfalme na ngome. Akaweka kidole juu ya farasi wa d7. "Na huyu? Huyu yuko hatua moja tu kufika. Umemsahau kwa sababu hajasimama mlangoni."

Hapo ndipo masomo yangu ya Tal yalipoanza kwa kweli, maana Mzee alinipa kazi moja: nichukue michezo kumi ya Tal, nisimame kila mara kabla ya kafara, yaani kabla hajatoa kete makusudi ili ashambulie, nihesabu. Watu wake wangapi wamefika, wangapi wanafika kwa hatua moja. Wa mpinzani vivyo hivyo. Sikuamini nilichokiona. Katika michezo mingi, yule mtu tuliyeambiwa anatupa kete kama kichaa alikuwa ameshaleta karibu jeshi lake lote upande ule kabla hajatoa chochote. Wa mpinzani walikuwa mbali, au wamezibana njia wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na kama utaacha kusoma hapa hutakuwa umepoteza: hesabu, na umhesabu hata yule ambaye hajafika.

Tal mwenyewe alizaliwa Riga, Latvia, tarehe 9 Novemba 1936, mtoto wa daktari. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tangu kuzaliwa, na kwa mkono huohuo alisogeza kete na kupiga piano. Alilelewa kimchezo na kocha Alexander Koblencs. Mwaka 1957, akiwa na miaka 20, akatwaa ubingwa wa Umoja wa Kisovieti, na mwaka uliofuata akautwaa tena. Anayejua sataranji anajua uzito wa jambo hilo. Ubingwa ule ulikuwa mgumu kuliko mashindano mengi ya kimataifa ya wakati huo, kwa sababu nchi nzima ilikuwa inacheza, watoto wanafundishwa kwenye majumba ya vijana, na nusu ya wachezaji wakubwa wa dunia walikuwa wanakutana humo humo. Kwa jumla aliupata mara sita, mingine akigawana na mwenzake.

Mwaka 1959, katika mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, yaliyochezwa Yugoslavia, kila mchezaji alikutana na mwenzake mara nne. Mmarekani Bobby Fischer alikuwa na miaka 16 tu, na Tal alimfunga mara zote nne. Pal Benko, naye grandimasta, yaani mchezaji wa daraja la juu kabisa, alikuja mezani amevaa miwani ya giza ili macho ya Tal yasimlemee. Watu walikuwa wanaamini kweli kwamba ana nguvu za macho.

Sasa tuje mchezo ambao nadhani kila anayetaka kushambulia anapaswa kuufahamu kwa vidole vyake: mchezo wa sita wa kugombea ubingwa wa dunia, Moscow, 1960. Upande wa pili yuko Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme, mtu wa mpango na nidhamu, aliyeshika taji kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Tal ana nyeusi. Hatua ya 21 anachukua farasi wake wa h5 na kumweka f4, mahali ambapo askari wa g3 anamla bila shida. Botvinnik akamla. Askari wa e5 akamla aliyekula. Hesabu ya haraka: farasi mzima kwa askari mmoja. Ukumbi ukalipuka kwa minong'ono na kelele kiasi kwamba wachezaji ilibidi wahamishiwe chumba cha ndani ili mchezo uendelee.

Tazama kilichotokea ubaoni, si ukumbini. Askari yule wa e5 alikuwa ndiye aliyemziba askofu wa Tal wa g7. Alipoondoka, askofu aliyekuwa kama kifungoni akapata ulalo mzima. Mfalme wa Botvinnik akabaki bila askari wa g3 mbele yake. Na Botvinnik, ambaye mpaka hapo alikuwa na kazi ya kupanga polepole, ghafla akawa na kazi ya kuchagua kila hatua kati ya njia nyingi zenye mitego, na saa inakimbia. Hatua ya 25 akamla malkia wa Tal kwa ngome. Kwa macho ya kawaida, nani asingemla malkia? Lakini hapo ndipo alipopotea. Wachambuzi walikuja kuonyesha baadaye kwamba angemla askari wa f3 kwa askofu, Tal ndiye angekuwa matatani. Thamani ya malkia yule ilimrudia Tal kwa njia ya kete nyingine, na mwishowe Botvinnik akasalimu amri.

Leo programu ya simu yako itakuambia kwa sekunde mbili kwamba kafara ile haikuwa kamili. Ni kweli. Na hapa ndipo vijana wengi wanapomwacha Tal, wakisema alikuwa anabahatisha. Nawasihi msiharakishe. Tal hakuwa anacheza na programu. Alikuwa anacheza na mtu aliyekaa mbele yake, mwenye saa mbili na nusu kwa hatua 40, mwenye tabia anazozijua na aina ya nafasi asizozipenda. Swali alilojiuliza halikuwa tu "je, kuna jibu?" Lilikuwa pia "je, huyu ataliona jibu hapa, leo, kwa muda alio nao?" Nilipoanza kujiuliza hilo swali la pili, mchezo wangu ulibadilika kuliko kwa somo lolote la ufunguzi.

Mechi ile aliishinda kwa pointi 12.5 kwa 8.5, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 23. Mdogo kuliko yeyote kabla yake.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe ambacho nakipenda kuliko vyote, na huwa nawasimulia watoto. Alikuwa anacheza na Evgeni Vasiukov kwenye ubingwa wa Umoja wa Kisovieti, na mbele yake kuna kafara ya farasi. Akaanza kupiga hesabu. Akifanya hivi, huyu atafanya vile, kisha vile. Matawi yakawa mengi, kichwa kikajaa. Ghafla likamjia shairi la watoto la Kirusi linalosema kazi ngumu ilivyo kumtoa kiboko kwenye kinamasi. Basi akaacha sataranji, akaanza kumfikiria kiboko. Atatolewaje? Kwa jeki? Kwa nyenzo? Kwa helikopta? Kwa ngazi ya kamba? Akafikiri sana, akashindwa, akasema moyoni: basi, na azame. Kiboko akaondoka kichwani, na pamoja naye ule msongamano wote. Akaona kwamba kafara ile haihesabiki mpaka mwisho, ni ya kuihisi tu, na kwa kuwa ilikuwa inaahidi mchezo mzuri, akaitoa. Akashinda. Kesho yake akasoma gazetini kwamba Tal, baada ya kufikiri kwa makini dakika 40, alifanya kafara iliyopigiwa hesabu sahihi.

Ukisoma kisa hiki juujuu utadhani kinapingana na Mzee wangu wa kuhesabu. Hakipingani. Tal alihesabu kwanza, mpaka hesabu ikagoma. Hisia zake zilikuja baada ya maelfu ya michezo. Ninavyofanya mimi sasa ni hivi: nikishahakikisha watu wangu wamefika, napiga njia mbili tatu za hatari zaidi, zile za shaha na za kulana. Nisipoona kifo changu humo, na saa yangu inaruhusu, natoa. Zaidi ya hapo ni kumvuta kiboko.

Sehemu inayofuata wengi hawaipendi. Mwaka 1961 Botvinnik aliomba marudiano, na Tal akalipoteza taji kwa 13 kwa 8. Alikuwa mgonjwa wa figo na hakutaka kuahirisha. Lakini ugonjwa sio kila kitu. Botvinnik alikuwa amekaa mwaka mzima akimchambua, na akawa anampeleka kwenye nafasi tulivu, malkia wamebadilishana, ambako hakuna moto wa kuwasha. Mwaka 1962 huko Curaçao ilibidi Tal aache mashindano katikati apelekwe hospitali, na mwaka 1969 akatolewa figo moja. Alivuta sigara sana na kunywa sana, na mwili ulimlipisha. Nawaambia vijana waziwazi: chukueni kete zake, acheni sigara zake. Hakuna hata mchezo mmoja aliouchezea vizuri zaidi kwa ajili ya moshi.

Na jambo ambalo video hazikuonyeshi ni Tal wa miaka ya sabini. Kuanzia Oktoba 1973 hadi Oktoba 1974 alicheza michezo 95 mfululizo ya mashindano bila kufungwa hata mmoja: ushindi 46, sare 49. Kwa wachezaji wa ngazi ya juu kabisa rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40, mpaka Mchina Ding Liren alipoipita mwaka 2018. Sare 49! Yule mchoma nyumba alikuwa amejifunza kukaa, kusubiri, kukubali kwamba leo hakuna kitu. Ukitaka kumsoma, usiishie 1960. Weka mchezo mmoja wa moto, mmoja wa utulivu. Mimi nilichelewa kufanya hivyo na naona jinsi ilivyonigharimu, maana nilikuwa siwezi kucheza nafasi yoyote ambayo mfalme wa mwenzangu yuko salama.

Kuhusu namna ya kusoma, nina msimamo mmoja ambao siulegezi: ubao wa kweli, kete za kweli, simu chumba kingine. Funika hatua kwa karatasi. Ukifika ambapo Tal anatoa kitu, usifunue. Kaa hapo dakika kumi na tano, andika kwa kalamu ungefanya nini na kwa nini. Kisha funua hatua moja tu. Mchezo mmoja kwa wiki unatosha kabisa. Programu iwashwe siku ya mwisho, uone ulikosea wapi wewe, si kumhukumu Tal. Ukipata mwenzako wa kukaa naye upande wa pili, ni bora zaidi, kwa sababu atakutetea zile nafasi unazodhani zimeisha, na utaona kwa macho yako ugumu aliokuwa nao Botvinnik.

Mwaka 1988, akiwa na miaka 51, Tal alikwenda Saint John, Kanada, akashinda ubingwa wa dunia wa mchezo wa dakika tano, mashindano ambayo bingwa wa dunia Kasparov na mtangulizi wake Karpov walikuwemo. Mwezi Mei 1992 akatoka hospitali Moscow kwenda kucheza mashindano ya haraka, hajiwezi, na humo akamfunga Garry Kasparov. Tarehe 28 Juni mwaka huohuo akafariki. Amezikwa Riga.

Wiki hii anza na ule wa sita. Panga kete mpaka hatua ya 20, farasi mweusi akiwa h5, funika zilizobaki, na kabla hujagusa kitu hesabu wa pande zote mbili.