Barua kwa mwanangu: Lusajo hajachelewa

Uyole, Mbeya

Neema mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baridi ya Juni imeanza kutung'ata, ila tu wazima, na baba yako anakusalimu sana.

Umeniuliza kama mwanao, mume wangu Lusajo, amechelewa kuanza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, maana kocha mmoja hapo Dodoma amekwambia kikapu huanzwa utotoni. Ukauliza pia kama umtoe kwenye timu ya soka ya shule, anakodakia, ili nguvu zote zihamie kikapuni. Nimefundisha michezo sekondari muda mrefu na wazazi wengi wa hapa Mbeya wameniuliza hayo hayo. Huwa nawajibu kwa kumtaja mtu mmoja: Hakeem Olajuwon, aliyevuma NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani.

Alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1963, wazazi wake wakiuza saruji. Kikapu alikianza na miaka 15. Kabla ya hapo alikuwa kipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono. Mwaka 1980 alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, kujaribiwa. Hakuna aliyekuja kumpokea uwanja wa ndege. Alipopiga simu chuoni, akaambiwa apande teksi. Msimu wa kwanza hakuchezeshwa kabisa. Lakini kuanzia 1982 hadi 1984, chuo kile kilifika nusu fainali ya vyuo vya Marekani miaka yote mitatu, na mwaka huo wa 1984, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Houston Rockets wakamchukua wa kwanza kabla ya wote. Michael Jordan alichukuliwa wa tatu.

Watu husikia hayo wakasema, ah, urefu tu. Si kweli. Warefu walikuwa wamejaa kwenye ligi ile. Olajuwon alikuja na miguu ya kipa. Kipa hupanga hatua zake mpira ukiwa bado njiani, huhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine bila kujikwaa, na hujua aruke lini. Senta wengi wa kikapu hawakuwahi kufundishwa hayo, kwa sababu tangu wadogo waliambiwa wasimame chini ya ringi wasubiri mpira.

Mwambie Lusajo atafute video za ule mtindo wake ulioitwa Dream Shake, azitazame taratibu, tena miguu, si mpira. Olajuwon anapokea akiwa amelipa goli mgongo, anayemkaba amemwegemea. Anatikisa bega upande mmoja kama anayegeukia huko. Yule nyuma yake akihama hata kidogo, Olajuwon ameshazunguka upande wa pili na mpira uko hewani. Asipohama, bega linarudi tena, na mguu wa pivoti, ule anaozungukia, bado haujabanduka sakafuni. Mwaka 1995, David Robinson wa San Antonio Spurs alikuwa ndiyo kwanza ametangazwa mchezaji bora wa msimu. Alikuwa mkabaji hodari kweli, na bado katika fainali ya kanda ya Magharibi alizungushwa hivyo mechi baada ya mechi. Kisha Rockets wakamkuta Shaquille O'Neal na Orlando Magic kwenye fainali, wakawafunga 4-0. Na Rockets hao walikuwa wameingia mtoano wakiwa wa sita katika kanda yao!

Msimu wa kabla yake ndio ninaoupenda zaidi. Fainali ya 1994, New York Knicks wanaongoza mechi 3 kwa 2. Mechi ya sita, sekunde za mwisho, Rockets wako mbele 86-84. John Starks wa Knicks anarusha mpira wa pointi tatu, ukiingia tu ubingwa ni wao. Olajuwon, senta mzima, anatoka ndani hadi nje ya mstari na kuugusa mpira kwa ncha za vidole. Hukuingia. Mechi ya saba Rockets wakashinda. Mwaka ule alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora, na mchezaji bora wa fainali, na hakuna mwingine aliyewahi kuvikusanya vyote vitatu katika msimu mmoja. Mashuti aliyozuia katika maisha yake ya NBA ni 3,830, rekodi ambayo haijavunjwa.

Kwa hiyo usimtoe golini, mwanangu. Nakuomba sana. Alipokuja likizo ya Desemba nilimwona akidaka pale uani mipira aliyopigiwa na watoto wa jirani, mkono wa kushoto ukifika kabla hujaona ameruka. Kocha wa kikapu akipata kijana wa namna hiyo ashukuru. Soka aendelee nayo angalau hadi amalize kidato cha nne.

Kinachonipa wasiwasi ni kitu kingine: atacheza na nani? Olajuwon alipokuwa mwanafunzi aliwauliza makocha afanyeje ili apate dakika nyingi zaidi. Wakamwelekeza kwa Moses Malone, senta wa Rockets, mchezaji bora wa NBA wa wakati huo. Kiangazi kizima akawa anapambana naye kwenye ukumbi mmoja wa mazoezi mjini Houston, anasukumwa, anafungwa, kesho anarudi. Wenzake wa rika lake wasingeweza kumpa hayo. Lusajo naye kwa urefu wake atawafunga wanafunzi wenzake atakavyo, na hatajifunza kitu. Mtafutie timu ya wakubwa hapo Dodoma, watu wazima wanaocheza jioni, akae nao awe mdogo wao. Akirudi analalamika kwamba hapasiwi mpira, mwache alalamike.

Kuhusu zile raba za bei kubwa alizokuomba: hapana, kwa sasa. Olajuwon mwenyewe, akiwa bingwa, alikubali jina lake liwekwe kwenye raba za Spalding zilizouzwa dola 35 hivi, kwa sababu alimfikiria mama mwenye watoto kadhaa wa kiume na mshahara mdogo. Mnunulie za kawaida zenye soli isiyoteleza na zinazoshika kifundo cha mguu vizuri, zikubaliane na sakafu ya saruji, maana viwanja vyetu vingi ndivyo vilivyo. Nipe namba ya kiatu chake. Nikishuka sokoni Mwanjelwa nitaangalia, nikipata nitazituma na basi pamoja na viazi.

Mama yako