Sili mpya mara mbili, oili bado inavuja

SWALI: Shikamoo fundi. Pikapu yangu inavuja oili kwenye difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, pale inapoingia propela, ile shafti ndefu ya uvunguni. Sili, ile ringi ya kuzuia oili, imebadilishwa mara mbili ndani ya miezi minne. Kila ikifungwa mpya inakaa kavu wiki kadhaa, halafu nikirudi safari ndefu nakuta pamelowa tena. Sasa fundi anataka tushushe difu nzima. Vilevile uvunguni, upande wa abiria, kuna kimpira kinadondosha maji kila nikiegesha. Nikizibe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usishushe difu bado. Katika maelezo yako yote, nimeshikwa na maneno mawili: safari ndefu.

Ndani ya difu mna oili na mna hewa. Gari likitembea muda mrefu gia hupata moto, oili hupata moto, na ile hewa hutanuka ikitafuta pa kutokea. Ndiyo maana juu ya difu pana kidude tunachokiita briza. Kwenye pikapu nyingi huunganishwa na mpira mwembamba unaopanda mpaka kwenye fremu au bodi, ili mdomo wake ukae mbali na maji na tope. Mpira huo ukiziba, hewa itatokea kwenye sili, na ikitoka hutoka na oili. Sili mpya hubana, kwa hiyo huvumilia kwa muda. Safari fupi nazo hazitii difu moto wa kutosha, basi unaona pakavu na unadhani umepona.

Mimi hili lilinifundisha kwa uchungu. Nikiwa kijana gereji nilibadilisha sili ya gari moja mara tatu. Mara ya tatu lilikuwa limetoka safari, difu bado ina uvuguvugu. Nilipolegeza boliti ya kujazia oili, likatoka fsss, kama tairi linalotolewa upepo. Nikaufuata mpira kwa vidole mpaka juu. Nyigu walikuwa wameujaza udongo, mkavu, mgumu, kipande kisichozidi punje ya haragwe. Mwenye gari nilimrudishia pesa yake, lakini aibu ile ninayo mpaka leo, na ndiyo sababu nakujibu kwa urefu huu.

Acha gari lipoe. Chomoa mpira upande wa difu na upulize upepo kutokea huku chini, uchafu utokee juu, usiingie kwenye gia. Tazama pia kama umekunjika au umepasuka. Mpira uliopasuka una balaa lake: difu yenye moto ikitumbukia kwenye maji hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia ule ufa. Ukifungua ukakuta oili imegeuka nyeupe nyeupe kama maziwa, mwaga yote, weka mpya. Kipimo chake, kwa kawaida, ni gari likiwa sawasawa na oili ikifika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Ikizidishwa nayo hutafuta njia ya kutoka.

Ndipo ufunge sili ya tatu. Kabla hajaifunga, mwombe fundi apitishe ukucha kwenye chuma kinachozunguka, pale mdomo wa sili unapokigusa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, hata sili nzuri namna gani itavuja.

Injini nayo ina mpira wake wa kupumulia. Ukiziba, sili za krenki, ile shafti kuu ya injini, hulowa na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, huweza kusukumwa juu.

Kile kimpira cha upande wa abiria usikizibe hata kidogo. Kama ulikuwa umewasha eisii, yaani kiyoyozi, hayo ni maji yake, na lazima yatoke. Yaguse: yawe mepesi, hayana rangi wala harufu. Yakiwa ya kijani au ya waridi na yananukia utamu, hiyo ni kulanti, maji ya dawa ya kupozea injini, ni sumu, watoto na wanyama wasiifikie. Ukikuta utelezi karibu na tairi, huenda ni mafuta ya breki. Gari lisiondoke hapo mpaka likaguliwe. Na siku ya joto ukiendesha na eisii, kisha kimpira kibaki kikavu, papasa zulia la upande wa abiria kwa kiganja. Likiwa limelowa, kimeziba, kizibuliwe.