Usikate, nakili: maswali yenu kuhusu kuhamia diski mpya

Barua nyingi za wiki hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: diski ya nje ya zamani imejaa, mpya imeshanunuliwa, na mwenyewe anaogopa kuanza. Woga huo una maana, kwa sababu siku ya kuhamisha bakapu, yaani nakala za akiba, ndiyo siku ambayo wengi huzipoteza.

Fundi, nina duka la uchapaji hapa Nasser Road, Kampala. Kazi za wateja, karibu gigabaiti 400, ziko kwenye diski ya zamani. Nimenunua ya terabaiti 2. Nizihamishe vipi?

Usizihamishe, ndugu yangu. Zinakili. Ukichagua "kata" halafu "bandika", kompyuta inafuta za zamani kadiri zinavyofika upande wa pili, kwa hiyo katikati ya kazi huna nakala kamili popote. Mimi nilijifunza hili kwa picha za kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya dada yangu. Nilikata, nikaenda jikoni kuchota chai. Mtoto akapita, mguu ukanasa waya, diski mpya ikaanguka sakafuni ikiwa bado inazunguka. Niliporudi ilikuwa inatoa sauti ya tik, tik, tik, kisha kimya. Picha zilizokuwa zimeshavuka zilifia humo, na kwenye ya zamani hazikuwepo tena. Mama yangu alizeeka bila kuona tena picha ya siku ile akiwapokea wageni mlangoni.

Kwa mzigo kama wako, usitegemee hata kuburuta kwa kipanya. Faili moja ikigoma, Windows inasimama kukuuliza, na wewe umeshalala. Tumia Robocopy, programu ya kunakili ambayo tayari imo ndani ya Windows. Fungua kidirisha cha amri (Command Prompt). Kama diski ya zamani ni E, mpya ni F, na folda yako inaitwa Kazi, andika hivi:

robocopy E:\Kazi F:\Kazi /E /R:1 /W:1 /LOG:C:\Users\Public\nakala.txt

Herufi /E inachukua folda zote za ndani. /R:1 na /W:1 zinaiambia ijaribu faili mbovu mara moja tu zaidi, baada ya sekunde moja. Usipoziandika, Robocopy itarudia faili hiyo hiyo hadi mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde 30, na asubuhi utaikuta palepale ulipoiacha.

Kuna atakayekushauri uongeze /MIR. Kataa. Hiyo inafanya diski ya pili ifanane kabisa na ya kwanza, yaani inafuta kila kisichokuwepo kwenye ya kwanza. Ukichanganya herufi, diski mpya iliyo tupu ikawa ndiyo ya kuigwa, kazi zako za miaka yote zitaondoka kabla hujapata kubonyeza kitu.

Ikimaliza, fungua faili ya nakala.txt, ambayo ni ripoti iliyoandikwa na /LOG, uangalie mwisho kabisa, safu ya FAILED. Iwe 0. Kisha linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Halafu fungua kazi kumi kutoka diski mpya: kalenda ya mwaka juzi, kadi ya harusi, bango lile kubwa. Usitosheke na kuona majina yake. Zifungue uone rangi na herufi ziko sawa.

Mimi ni mwalimu, Busia. Kwenye boksi imeandikwa terabaiti 1, kompyuta inaonyesha gigabaiti 931. Nimeibiwa?

Hapana, mwalimu. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Baiti trilioni moja ukizigawa kwa hesabu ya Windows unapata 931. Uko salama.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni diski inayoonyesha nyingi mno kwa bei ya kutupa. Zipo zilizochezewa zijitangaze kuwa kubwa wakati ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu. Zinapokea faili zako bila kulalamika, na nafasi ya kweli ikiisha zinaandika juu ya za mwanzo au zinazitupa. Kabla ya kuweka chochote kwenye diski mpya, ijaribu kwa programu ya H2testw, ya bure, ambayo huijaza yote kisha inasoma tena kila ilichoandika. Inachukua saa nyingi. Zipe hizo saa.

Niko Arua. Diski mpya ina nafasi tele lakini video ya harusi ya gigabaiti 9 inakataa, inasema faili ni kubwa mno. Kwa nini?

Imefomatiwa, yaani imeandaliwa kupokea faili, kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Ifomati upya: NTFS kama unatumia Windows peke yake, exFAT kama inapita pia kwenye Mac. Kufomati kunafuta vyote vilivyomo, kwa hiyo fanya sasa, kabla hujaijaza.

Fundi, huku kwetu umeme ukikatika au Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya kunakili, itakuwaje?

Inategemea diski yako, mama. Zile ndogo za kuingia mfukoni zinapata umeme kupitia USB, kwa hiyo kwenye laptopu yenye chaji ya kutosha hazitajua kama taa imezimika. Zile kubwa zenye adapta yake ya ukutani zinazima papo hapo, hata kama laptopu inaendelea. Hivyo hivyo na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika. Na hapo exFAT huumia zaidi kuliko NTFS, kwa sababu NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko inayoisaidia kujisahihisha baadaye.

Kwa hiyo angalia salio la Yaka kabla ya kuanza, na upange muda. Gigabaiti 400 kupitia tundu la USB 2.0 ni zaidi ya saa tatu. Kupitia USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu ndani, ni saa moja na kidogo. Tumia waya uliokuja na diski yenyewe.

Ikikatika, usianze kulia. Washa, rudia amri ileile ya Robocopy. Inaruka zilizokwisha na kuendelea na zilizobaki. Ni sababu nyingine ya kuipenda. Ila mawingu yakikusanyika juu ya ziwa na radi ikaanza, chomoa kila kitu ukutani usubiri. Diski zote mbili zikiwa kwenye kompyuta moja, pigo moja linaweza kuondoka nazo zote.

Ninatumia Mac, Jinja. Nimeburuta bakapu za Time Machine, programu ya bakapu ya Mac, kwenda diski mpya, zinakataa.

Tangu macOS Big Sur ya 2020, Time Machine inafomati diski mpya kwa APFS, mfumo wa faili wa Apple, na bakapu za namna hiyo hazinakiliwi kwa kuburuta. Usipambane nazo. Ongeza diski mpya kwenye mipangilio ya Time Machine, acha ianze bakapu kamili upya, na ile ya zamani iweke kabatini kama kumbukumbu ya nyuma. Ukihitaji barua ya mwaka jana, iunganishe usome.

Nafanya kazi kwenye kliniki, Mbarara. Nimeshanakili kila kitu na nimekagua. Diski ya zamani niiuze?

Dada yangu, isubirishe angalau miezi mitatu. Diski mpya ikiwa na kasoro ya kiwandani, mara nyingi huonyesha mapema. Muda huo ile ya zamani ikae nyumba nyingine, si kwenye droo ileile, maana mwizi akiingia au moto ukiwaka havichagui diski.

Na humo kuna majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Sheria ya kulinda data na faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inawabana wanaotunza habari za watu, na hata isingekuwepo, yule mama aliyekueleza habari zake nyuma ya pazia alikuamini wewe. Kufuta folda hakutoshi. Atakayeinunua anaweza kuzirudisha kwa programu ya bure. Ukifika wakati wa kuiuza, ifomati ukiwa umeondoa alama kwenye "Quick Format". Windows itaandika sufuri diski nzima, kazi ya saa kadhaa. Na kama diski hiyo imeshaanza kugoma kiasi kwamba haimalizi kufomati, usiiuze kabisa. Ifungue, toa visahani vilivyo ndani, uviharibu mwenyewe.